Usilitupe jina la shosho
Dada mmoja hapa Nyeri aliniomba nimwombee avuliwe jina la Gertrude. Ameambiwa eti limebeba roho ya vita. Kweli, kwa Wajerumani wa kale sehemu yake ya kwanza ni mkuki, ya pili nguvu. Lakini ona limefanya kazi gani! Mwaka 1947, Nairobi, Ewart Grogan alitoa ardhi ijengwe hospitali ya watoto kwa kumbukumbu ya mkewe, Gertrude. Leo mama akisema anakimbilia Gertrude's, hawazi mkuki. Ana mtoto mwenye homa mgongoni.

Nikamwuliza dada, jina ulipewa la nani? La shosho, mama ya baba, kama desturi yetu. Shosho alikuwa akikuombea? “Kila alfajiri, pasta, kabla ya kukamua.”

Nikamwombea. Jina sikuligusa.