Msikiti wa Kongo na Ufundi wa Waliotangulia

Mto Mwachema humwaga maji yake baharini kwenye ncha ya kaskazini ya pwani ya Diani, katika Kaunti ya Kwale. Hapo, juu kidogo ya mchanga, katikati ya mibuyu minene, pana msikiti mdogo wa mawe uitwao Msikiti wa Kongo. Aghalabu hutajwa kuwa ni wa karne ya 16. Mji uliouzunguka zamani umetoweka, na hoteli zimejipanga ufukoni kuelekea kusini. Lakini adhana ingali ikisikika, na Wadigo wa jirani wangali wakija kusali humo.

Wageni wengi huuita Msikiti wa Kiajemi wa Diani. Jina hilo latokana na habari za Washirazi, ambao masimulizi ya mwambao yawataja kuwa waanzilishi wa miji mingi. Si vibaya watu kuzikumbuka nasaba zao. Ila jina kama hilo laweza kumfanya mtoto wa Diani adhani kwamba babu zake walikaa kitako wakiwatazama wageni wakijenga. Mambo yaliyofukuliwa ardhini yasema vingine. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuzi wa miaka ya 1980 walikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine mahali pale pale: ya kwanza ya miti, tangu karne ya 8, kisha ya mawe. Ufundi huo ulikua papo hapo mwambaoni, kama mtoto atambaavyo, akasimama dede, kisha akaenda.

Vifaa navyo vyashuhudia hayo, maana vyote vyapatikana karibu. Kuta za majengo ya namna hii ni za mawe ya matumbawe ya kale, yachimbwayo nchi kavu. Kwa kibla na miimo ya milango mafundi walipendelea matumbawe yakatwayo baharini, kwa kuwa yakiwa mabichi ni laini, huchongeka kwa tezo kama mti, na yakikauka huwa magumu. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya biwi kubwa la magogo. Ilipopoa ilitiwa maji, ikaachwa muda mrefu ipate kuiva.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa dari. Mahali pengi dari ililazwa juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haziwezi kufika mbali, vyumba vilikuwa vyembamba, upana wa mita 3 au pungufu, na misikiti mikubwa ilihitaji safu za nguzo. Fundi wa Kongo alishika njia nyingine. Alipinda mawe na chokaa juu ya vichwa vya wenye kusali, yakawa kama tumbo la jahazi lililopinduliwa. Ufundi wa jamii hiyo ulikwisha kuonekana Kilwa, katika msikiti mkuu, tangu karne ya 14. Dari kama hiyo haina mti wa kuliwa na mchwa. Lakini ni nzito, nayo husukuma kuta zielekee nje. Kwa hiyo kuta hazina budi kuwa nene, na ufa mdogo hapo si jambo la kuchezewa.

Basi kwa nini Kongo ungali umesimama? Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa, pana msikiti mzuri ukingoni mwa bahari. Na Gede pana msikiti mkuu uliokuwa na fahari yake. Yote miwili leo haina paa, ingawa ilijengwa kwa mawe na chokaa za namna moja. Tofauti ni kwamba watu walihama. Jengo lisilo na watu halina wa kulifagia dari wala wa kung'oa mche uliomea ukutani. Kinyume chake, Kizimkazi huko Unguja, ambako maandishi ya kibla yataja mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, watu wangali wakisali. Na msikiti ulipochakaa, uliinuliwa upya katika karne ya 18.

Lakini kutumia nako kuna hatari yake. Siku hizi fundi huitwa kuziba ufa, naye huja na saruji, maana hukauka upesi na huuzwa kila duka. Ukuta wa chokaa hunywa unyevu wakati wa masika, na kuutoa wakati wa kiangazi. Ukipakwa saruji, unyevu na chumvi ya bahari hufungiwa ndani, na baada ya miaka plasta hubanduka pamoja na uso wa jiwe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nao walikuwa wakiziba kwa chokaa.

Matumbawe hai hayafai kukatwa tena, kwa kuwa ndiyo makazi ya samaki. Lakini chokaa yaweza kuchomwa kwa mawe ya nchi kavu, na wazee wachache wangali wakijua kipimo chake. Yafaa wawafundishe vijana mapema, na kamati za misikiti ya kale ziwaite wao, pamoja na watu wa Makumbusho ya Taifa, kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji.