Herufi N Iliyogeuzwa

Mwalimu wa lugha hatarajiwi kujua habari za silaha, na sisi tulikuwa radhi kuishi bila kuzijua, mpaka tulipompata mwanafunzi mmoja mtu mzima, Mwingereza mstaafu akaaye hapa Kampala. Hata salamu hajazimudu, alitaka tumfundishe kasiba, mtambo, kitako na skurubu. Mzee huyu hukusanya bunduki kuukuu za kijeshi. Zenyewe ziko kwao Uingereza, kwa nduguye. Kwetu huja na picha tu, nazo zimekuwa kitabu chetu cha ziada mwaka mzima.

Aipendayo zaidi ni Martini-Henry, iliyopokewa na jeshi la Uingereza mwaka 1871. Hupakiwa risasi moja moja, na mtambo wake hufunguliwa kwa wenzo ulio chini. Ubavuni mwa mtambo, upande wa kulia, hupigwa chapa: taji, herufi V.R. za Malkia Victoria, jina la kiwanda kama vile Enfield, na mwaka. Chapa hizo ndizo zinazoipandisha bei, na kwa sababu hiyo ndizo zinazoigwa.

Mafundi wa mpakani mwa Afghanistan, hasa wa Darra Adam Khel, mji ulio kati ya Peshawar na Kohat katika Pakistan ya leo, wamezitengeneza kwa mkono nakala za bunduki za Kiingereza tangu zama za utawala wa Waingereza. Askari wa kigeni waliokwenda Afghanistan baada ya mwaka 2001 walizinunua sokoni kama kumbukumbu, zikaenea Ulaya na Marekani. Ufundi wao kwa tupa na nyundo wastahili heshima. Lakini aghalabu fundi alinakili umbo la herufi, si neno. Basi N ya Enfield hutokea imegeuzwa nyuma mbele, au herufi nzima imesahauliwa, au taji limekaa kama chungu kilichofunikwa vibaya. Walimu wenzetu wa madarasa ya chini wangelitambua kosa hilo bila miwani, kwa kuwa ndilo la mtoto anakilipo ubaoni asichoweza kukisoma. Tena hesabu ya miaka husaidia: Victoria alifariki Januari 1901, na chapa yenye V.R. juu ya mwaka 1905 haihitaji mjadala.

Palipo na herufi sahihi, mzee hutazama skurubu. Za kiwandani zilikatwa kwa mashine, zikafanana. Za mkono kila moja ina tabia yake, na ya bunduki hii pengine haiingii katika ile. Kwa bunduki za Kijerumani aina ya Mauser ya mwaka 1898 kazi ni nyingine, kwani hata vipande vidogo vilipigwa tarakimu mbili za mwisho za nambari ya bunduki. Mwenye hila huchukua kipande cha bunduki nyingine, akaifuta nambari kwa tupa na kupiga mpya. Ukiinamisha kipande mbele ya taa, utaona bonde dogo palipofutwa. Hata hivyo tusiwe wepesi wa kushuku: mafundi wa jeshi wenyewe walibadilisha vipande vilivyovunjika, na nambari zisizolingana huenda zikawa ni historia ya kweli ya bunduki hiyo. Jambo moja mzee hulikariri kila mara, nalo ni kwamba nakala ya mkono isifyatuliwe kamwe, maana chuma chake aghalabu ni hafifu na kasiba yaweza kupasuka usoni mwa mpigaji.

Siku moja alileta picha ya Martini-Henry ambayo babu yake, aliyekuwa askari, alirudi nayo kutoka mpaka huo wa India. Nduguye alitaka kuiuza, na katika tangazo alikwisha andika kwamba ni ya mwaka 1878, ya Enfield halisi. Tuliitazama N. Ilikuwa imegeuka.

"Mwalimu," akatuuliza, "niiite bandia?"

Tulikaa na swali lile kuliko tulivyokaa na ngeli zote. Bandia ni mwanasesere pia, kitu kilicho mfano wa kingine, na mtoto achezaye naye hakudanganywa na mtu. Kughushi ni kukusudia udanganyifu. Fundi yule wa mpakani yamkini hakumghushi mtu. Alitengeneza bunduki ya kutumika, akaipiga taji kwa kuwa bunduki nzuri zilikuwa na taji. Babu naye yawezekana aliinunua akijua. Lakini tangazo la nduguye, kama likiachwa lilivyo baada ya N kuonekana, lingekuwa la kughushi, ingawa chuma ni kile kile. Maoni yetu yalikuwa kwamba aandike "nakala ya mkono, ya mpakani", na bei ishuke.

Mzee alinyamaza. Bei ile ilikuwa wagawane, na fungu lake alikwisha lipangia safari ya kwenda kumwona mjukuu. Jioni ile ile alimwandikia nduguye, kwa Kiingereza bila shaka, akatusomea barua kwa Kiswahili chake kama zoezi la juma. Tulisahihisha viambishi viwili.

Jibu lilichelewa miezi minne. Halikuwa na neno la shukrani wala la hasira. Mlikuwa na picha tatu za skurubu, zimepigwa kwa karibu sana, na swali moja: je, nazo?