Mtutu Mrefu au Mfupi

Tangu niache chuo mwaka wa pili, nimelipwa kuandika kuhusu vitu ambavyo sitawahi kumiliki: mashine za kuondoa theluji, bima ya boti, chakula cha paka wenye kisukari. Wateja wako Marekani, mimi niko Ziwani, na bando ndiyo inatuunganisha. Juzi mmoja akataka makala kuhusu bastola za hewa: mnunuzi achague mtutu mrefu au mfupi?

Kazi ni kazi. Nikaanza kusoma, na mambo yenyewe yakawa matamu kuliko nilivyodhani.

Bastola ya hewa haina baruti. Hewa iliyobanwa, au gesi, ndiyo inasukuma kirisasi cha milimita 4.5. Kirisasi kikiwa bado ndani ya mtutu, kinaendelea kusukumwa. Kwa hivyo ukiongeza urefu unaongeza kasi, mpaka pale hewa inapoishiwa nguvu na msuguano kuanza kukula faida. Bastola ya springi hufika hapo mapema kwa sababu hewa yake ni kidogo. Ya gesi hufaidika zaidi na urefu.

Lakini kasi si kila kitu. Kwenye Olimpiki wanalenga kutoka mita 10, na duara la alama 10 lina upana wa milimita 11.5, karibu kifungo cha shati. Mkono wa binadamu hutetemeka hata ukiwa mtulivu aje. Mtutu mfupi unaachilia kirisasi kabla mkono haujahama sana. Mrefu nao unaweka chuma cha kulengea cha mbele mbali na kile cha nyuma, so kosa dogo unaliona. Sheria inasema bastola nzima iingie kwenye sanduku la urefu wa milimita 420, na uzito usizidi gramu 1,500. Yule mzee wa Uturuki, Yusuf Dikeç, aliyelenga na mkono mfukoni Paris 2024 na kurudi na fedha, ni bastola ya hewa alikuwa nayo. Tulicheka memes zake wiki nzima.

Shida ni kwamba hapa mtaani hakuna anayepima mtutu. Kwa Sheng, bunduki feki ni bonoko, na hilo neno halitutoki mdomoni kwa raha. Linakuja na hadithi za kijana aliyepigwa risasi, kisha bonoko ikapatikana kando ya mwili. Hadithi kama hizo ziko kila mtaa wa Eastlands. Mwaka wa 2017 Mathare Social Justice Centre ilitoa ripoti nzima kuhusu vijana waliouawa na polisi. Na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kifungu cha 34, inamwadhibu anayetumia silaha kwa nia ya uhalifu, iwe ya kweli au bandia. Sheria angalau inauliza nia. Usiku wa saa nne, nani anauliza?

Nikiwa na miaka tisa, binamu aliniletea bastola ya maji, ya plastiki, kijani kibichi. Mama aliikanyaga siku hiyo hiyo. "Karao hataonja kama ni maji," akasema, akaendelea kuchambua mboga.

Kwa hivyo nilipofika sehemu ya usalama, niliandika aya ndefu. Ibebe ndani ya kasha lililofungwa. Usiitoe barabarani. Kumbuka kwamba anayekuona kwa mbali haoni hewa, anaona bunduki. Mteja akaikata. Akasema wasomaji wake wanacheza kwenye ua wa nyuma, na aya hiyo inawatisha bure.

Nilimwelewa. Yeye anaandikia watu ambao swali lao la kwanza ni urefu wa mtutu. Mimi naishi na swali linalotangulia hilo.

Pesa ziliingia Ijumaa. Ndugu yangu mdogo, ana miaka 17 na amenipita urefu, alikuwa ameziona zile picha kwenye laptop.

"Bro, wewe ungechagua gani?"

"Hakuna."

"Hata ya hewa tu?"

"Hata ya hewa."

Akacheka, akachukua viatu vyake vya mpira. Nilimwambia arudi kabla giza halijaingia, na asivae hudi.