Miwani ya VR kwa Machalii wa Chuga: Kabla Hujatoa Milioni Yako, Soma Hapa

Kuna video imezunguka sana kwenye magrupu. Staa mmoja wa hapa nyumbani, jina naliweka kapuni, kavaa miwani ya VR sebuleni kwake, anarusha mikono kama anafukuza nyuki, anapiga kelele, halafu anaivua na kusema hatarudi tena kwenye gemu za kawaida. Tangu hapo swali ninaloulizwa ni lile lile: hii kitu inalipa au ni mbwembwe tu?

Jibu ninalo, na sijalitoa hewani. Nimeivaa Njiro kwa jamaa mwenye uwezo wake, halafu nimeishi nayo wiki mbili Ngarenaro kwenye kibanda cha gemu cha mshkaji wangu. Pale Ngarenaro ishu haikuwa starehe, ilikuwa ada ya shule ya mdogo wake. Twende taratibu.

TUNAONGELEA NINI HASA?

Kwa upande wa PlayStation ziko mbili. Ya kwanza, PlayStation VR, ilitoka Oktoba 2016 kwa ajili ya PS4, bei dola 399. Inataka kamera ikae mbele ya TV, na ina kiboksi chake cha pembeni chenye waya nyingi utadhani fundi umeme kaacha kazi njiani. Ya pili ni PlayStation VR2 ya Februari 2023, inayotumia PS5. Hii ilianza kwa dola 549.99. Kumbuka wakati ule PS5 yenyewe ya kuweka diski ilikuwa dola 499 kule Marekani. Yaani miwani ilikuwa ghali kuliko mashine inayoiendesha!

Machi 2025 Sony wakashusha bei hadi dola 399.99. Kwa hela yetu hapo unagusa milioni moja, na hujaweka usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18. Na PS5 uwe nayo tayari.

Kuna kingine wauzaji wa mtandaoni hawakisemi. Gemu za miwani ya kwanza hazichezi kwenye miwani ya pili, labda mtengenezaji wa gemu atoe toleo jipya. Kwa hiyo ukiokota ya zamani kwa bei chee na mzigo wa gemu zake, ujue siku ukihamia mpya unaanza moja.

NJIRO: TUSIWE WACHOYO WA SIFA

Jamaa wa Njiro ni mtu wa magari ya utalii, anakaa nyumba yenye sebule ambayo mimi ningeipangisha kwa familia mbili. Alinivalisha VR2 akaniwekea Horizon Call of the Mountain, gemu ya kupanda majabali kwa mikono yako mwenyewe.

Aisee. Mlima Meru nimeupanda, ule wa kweli. Unaanzia geti la Momella, askari wa hifadhi na bunduki yake mbele kwa ajili ya nyati, unalala Miriakamba, kesho yake unalala Saddle, halafu usiku wa manane unaamshwa na baridi inayong'ata mpaka kwenye meno. Najua tumbo linavyofanya pale njia inapokuwa nyembamba na pembeni hakuna kitu. Sasa nilipoangalia chini kwenye ile gemu, nimesimama juu ya zulia la mtu, tumbo likafanya vile vile. Viganja vikatoa jasho. Akili inajua uko Njiro, mwili unakataa.

Sababu ni kwamba kila jicho lina kioo chake, chenye nukta 2,000 kwa 2,040, na kila ukigeuza kichwa picha inageuka na wewe. Miwani ina kamera zake kwa nje, na kwa ndani inafuatilia jicho lako linatazama wapi ili hapo ndipo pawe safi zaidi. Tukaweka Gran Turismo 7, nikakaa kwenye kiti cha gari, nikageuka kutazama kioo cha pembeni nikaona gari linanijia. Kwa mtu wa mbio za magari sibishi, hii ni dunia nyingine.

Ila nilipoivua baada ya kama dakika ishirini, nikawakuta wenzangu wanne niliokuja nao kila mmoja kainamia simu yake. Picha ilikuwa inaonekana kwenye TV muda wote, hakuna aliyekuwa anaitazama. Hilo nililiweka moyoni.

Halafu kuna kichefuchefu. Jicho linasema unakimbia, sikio la ndani ambalo ndilo linapima mwendo linasema umesimama, ubongo unachanganyikiwa. Kama wewe ni wale wa kuomba mfuko gari likianza kona za kutoka Mto wa Mbu kupanda kwenda Karatu, jaribu kabla hujanunua. Wengine wanazoea kidogo kidogo, wengine hawazoei kabisa.

NGARENARO: HESABU ZINAANZA

Mshkaji wangu ana PS4 nne kwenye kibanda cha mabati, mabenchi mawili na feni moja. Ukiingia ni mpira tu. Jina rasmi sasa ni EA Sports FC tangu 2023, lakini kitaa bado ni FIFA na itabaki FIFA. Mechi moja 500, na sheria ni ile mnayoijua: aliyefungwa analipa. Siku nzuri mashine moja inaleta kama 12,000. Kutokana na hapo analipa pango, umeme, chakula cha nyumbani kwao, na ada ya mdogo wake wa kike aliye sekondari.

Baada ya ile video ya staa, watoto walianza kumuuliza, "Braza, VR unaleta lini?" Na Arusha mnaijua, wazungu wa mashirika wakimaliza mkataba wanauza kila kitu mpaka sufuria. Akapatikana mmoja anaondoka, ana miwani ile ya kwanza ya PS4 na vikorokoro vyake vyote. Anataka laki sita. Mshkaji hana laki sita. Ana PS4 nne. Mpango wake ukawa auze mbili.

Nikamwambia, "Mwana, usiuze kwanza. Muombe akuazime wiki mbili, umpe chochote." Mzungu akakubali kwa 50,000, na mimi nikawa naenda kila jioni kushika daftari.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa noma. Dakika kumi 1,000, foleni mpaka barabarani. Mama mmoja muuza ndizi aliacha meza yake akaja kuvaa, akaona papa anamjia baharini, akapiga ukelele mpaka bodaboda wakasimama. Siku ile miwani iliingiza 41,000. Mshkaji alikuwa anatembea kama mtu aliyepewa kiwanja.

Jumapili 28,000. Katikati ya wiki 9,000. Jumamosi ya pili 6,000.

Wateja walikuwepo. Walikuwa wamerudi kwenye FIFA.

KWENYE VR HAKUNA ANAYEFUNGWA

Nilikaa na lile daftari nikitafuta sababu, mwishowe nikaiona kwenye benchi. Mechi ya FIFA inachezwa na wawili lakini inauzwa kwa kumi. Kuna wawili wanaocheza, wawili wanaosubiri mshindi, na wengine sita hawana hata mia, kazi yao ni kutukana mabeki. Wale sita ndio wanaofanya kufungwa kuume. Na kwa sababu kufungwa kunauma, aliyefungwa analipa, halafu anadai marudiano, analipa tena.

Sasa vaa miwani. Umepigana na papa peke yako. Umeshinda nani? Nani kakuona? Ukivua hakuna wa kumtambia. Mara ya kwanza unashangaa, mara ya pili unafurahia, mara ya tatu buku yako unaipeleka kwenye benchi.

Gemu moja tu ilijaribu kuleta watu pamoja: Keep Talking and Nobody Explodes. Aliyevaa miwani anaona bomu, wenzake wanasoma kitabu cha maelekezo na kumwambia akate waya upi. Kibanda kililipuka kwa vicheko. Tatizo kitabu chenyewe kimejaa Kiingereza cha haraka haraka, na nusu ya benchi ni darasa la tano. Bomu lililipuka kila mara. Na kwa kumbukumbu zenu, miwani ya PlayStation rasmi ni ya kuanzia miaka 12, kwa hiyo hata wateja wake wengi hawaruhusiwi.

Mengine ni ya mazingira yetu. Lenzi za VR hazitakiwi kupigwa na jua moja kwa moja, zinafanya kazi kama kioo cha kukuza na kuunguza skrini ya ndani. Kibanda chake mlango unatazama magharibi. Kuna vumbi letu la kiangazi, ukilifuta vibaya unachora lenzi. Kuna jasho, na hii tusiichukulie kiutani: mnakumbuka ule ugonjwa wa macho mekundu mwanzoni mwa 2024? Kitu kimoja kinachogusa nyuso arobaini kwa siku lazima kifutwe kila mtu akivua, na mshkaji yuko peke yake.

Madada nao walikuwa na lao. Mmoja alitazama ule mkanda wa kichwani, akashika rasta zake za siku mbili, akasema, "Kaka, nimekaa saluni saa saba, hiyo hainigusi." Mwingine aliacha foundation yote kwenye sponji.

KWA WEWE UNAYETAKA YA NYUMBANI

Utasema, mimi sina kibanda, nataka yangu ya chumbani. Sawa. Kwanza pima chumba. VR2 ukitaka kucheza unatembea inahitaji eneo la mita mbili kwa mbili bila kitu. Kwenye chumba na sebule cha Sakina, toa kochi, toa meza, toa ndoo za maji, halafu tuone kama umebaki na mita mbili. Ukikaa kwenye kiti inatosha nafasi ndogo, ila gemu nyingi tamu ni za kusimama.

Pili, angalia gemu zenyewe. Mpira wa EA hauna VR. Unaongeza milioni kwenye PS5 na ile gemu unayoicheza kila siku inabaki vile vile. Na hata wakubwa wenyewe wamepunguza kasi. Ile miwani ya kwanza ilifikisha mauzo milioni tano kufikia mwisho wa 2019. Februari 2024 Sony wakatangaza kufunga studio yao ya London, iliyotengeneza Blood & Truth ya VR. Juni 2025 Beat Saber, ile ya kukata vipande kwa mdundo ambayo kila staa anaiposti, ikatangazwa kuwa toleo la PlayStation halitaongezewa vipya. Mwenye gemu hiyo ni Meta, na Meta wana miwani yao ya kuuza.

Kwa hiyo nani anunue? Mwenye PS5 tayari, mpenzi wa Gran Turismo hasa mwenye usukani wake, anayekaa na nafasi, na hela haitoki kwenye kodi. Huyo anunue VR2 kwa bei hii mpya, atafurahi. Mwenye kompyuta ya nguvu naye, kwa sababu tangu Agosti 2024 kuna adapta inayoiunganisha VR2 na PC, na huko gemu ziko nyingi. Asiye na mashine yoyote lakini VR imemkaa rohoni atazame Meta Quest 3S, ilitoka Oktoba 2024 kuanzia dola 299, haina waya wala haihitaji PS. Wengine wote tafuta wa kukuazima kwanza. Siku kumi na nne zinatosha kukuonyesha kama ni mapenzi au ni ugeni tu.

Mshkaji wangu aliirudisha. Hakuuza hata PS4 moja. Ile wiki ya kwanza ilimwachia faida ndogo, akaongezea akanunua padi mbili mpya, benchi la tatu, na kipande cha turubai mlangoni kuzuia jua. Nilipomuuliza kwa nini benchi na siyo TV kubwa, akanijibu, "Mkubwa, wale wasio na hela ndio wanaoniletea wenye hela."

Mdogo wake alirudi shule muhula ulipofunguliwa, na ada imelipwa.

Na yule staa wetu? Wiki iliyopita nilikutana na mtu wa karibu yake. Miwani iko juu ya kabati, ndani ya boksi lake. Sebuleni wanacheza FIFA.

Wewe je, ushawahi kuivaa? Ilikukaa au ilikuchosha? Tupia maoni yako hapo chini, na kama unauza yako, sema bei ya ukweli.