Mkeka wa Futari Deira

Dubai nilikwenda kwa mara ya kwanza nikimfuata shangazi yangu, muuza nguo wa Darajani, Unguja. Ilikuwa Ramadhani, msimu ambao wafanyabiashara wetu hukimbizana kuwahi mzigo wa Idi. Habari za mji ule nilikuwa nazo tele kabla sijapanda ndege: jumba la Burj Khalifa lenye urefu wa mita 828, dhahabu inayoning'inia madirishani, taa zisizozimwa. Habari za mikeka ya Deira hakuna aliyenipa.

Tulifikia Deira, mitaa ya Naif. Huko huhitaji kutega sikio ili usikie Kiswahili. Mawakala wa kago wanapokea mizigo ya Dar es Salaam na Mombasa, na mlangoni mwao utawakuta akina mama wa Kariakoo wamekalia marobota yao wakibishana bei ya kilo. Mchana tulizunguka maduka ya jumla tukichagua mabaibui na viatu vya watoto. Hapo sina neno. Mzigo ule una wateja, na wateja wana watoto wanaoisubiri Idi.

Jioni moja Shangazi akasema, "Twende Dubai Mall, mwanangu, nawe ukaione dunia." Tukapanda metro. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 2008, na lina maduka zaidi ya 1,000, tangi la papa na uwanja wa kuteleza kwenye barafu, katika nchi ya jangwa! Niliowatazama zaidi ni watu. Walitoka duka hili na mifuko sita mikononi, wakaingia la pili kabla hata hawajapumua. Usiku ule tajiri mmoja anayemuuzia Shangazi vitambaa alitualika futari ya hotelini, ile ya kujipakulia. Watu walijaza sahani mpaka zikafurika, wakaonja hiki na kile, wakaziacha, wakaenda kuchukua nyingine. Mhudumu alikuwa akiondoa wali na nyama ambavyo havijaguswa. Wote tulikuwa tumefunga kutwa, na bila shaka kila mmoja wetu alishawahi kusikia khutba ya israfu.

Kesho yake tulichelewa madukani, magharibi ikatukuta karibu na msikiti mmoja hapo hapo Deira. Uwanja mzima ulikuwa umetandikwa mikeka na nailoni ndefu. Mbele ya kila nafasi paliwekwa tende, maji, tunda, mtindi na pakiti ya biriani. Wanaume walikuwa wamekaa safu kwa safu, wengi wao vibarua na madereva kutoka Bangladesh, Pakistan na India, baadhi bado wamevaa sare za kazi zenye vumbi la saruji. Sisi wanawake tulipewa pakiti zetu pembeni, ukutani. Pamoja nazo kulikuwa na bakuli la bokoboko, zito, lenye samli, la kumfanya Mzanzibari asahau kuwa yuko ugenini. Hatukuulizwa jina wala dini, wala kama tuna uwezo wa kujinunulia. Nilimuuliza mgawaji nani analipia. "Watu," akasema, akaendelea kugawa. Baadaye akaongeza kwamba wengine hawataki wajulikane.

Shangazi alikula kimya, kisha akasema, "Hivi ndivyo babu yako alivyokuwa akifuturisha barazani." Ni kweli. Mitaa yetu ya Unguja ilikuwa na desturi hiyo: sinia hutolewa nje, na mpita njia akaitwa kabla hajasalimu. Nyumba mpya tunazojenga zina geti na ukuta, na futari imehamia ndani, kwenye meza yenye vyakula kumi vinavyopigwa picha kwanza. Kila mwaka wafanyabiashara wetu wanarudi kutoka Dubai na makontena ya mapazia na vyombo vya kupambia meza hiyo. Mkeka haumo kwenye makontena, na kwa maoni yangu ndicho kitu bora nilichokiona kule.

Usiniambie kwamba zaka ya fitri inatosha. Pishi moja ya chakula kwa kila kichwa ni wajibu, nacho ni kiwango cha chini kabisa. Msomaji, ukijaliwa kwenda Dubai Ramadhani, jioni moja yaache maduka, ukafuturu mkekani Deira. Ukirudi nyumbani, fungua geti, toa sinia nje.