Debe la Maji Butini

Peugeot 404 ya baba haikuwahi kutoka safari bila debe la maji. Lilikuwa debe la mafuta ya kula, limekatwa juu na kutiwa mti wa kushikia, nalo lilikaa butini karibu na tairi la akiba. Kazi ya debe ilikuwa yangu. Tukitoka Dodoma kwenda Morogoro, kilomita 260 hivi, baba aliutazama mshale wa joto na mimi nilimtazama baba. Akianza kukohoa bila kikohozi, nilijua gari linachemsha.

Tulisimama. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa mfuniko wa rejeta kabla baba hajashuka, akanyoosha mgongo, akaanza upya habari za Bert Shankland na Chris Rothwell, walioshinda mashindano ya Safari mwaka 1966 na tena 1967 kwa gari kama hilihili letu. Nowicki na Cliff nao walishinda kwa 404, mwaka 1963 na 1968, ila baba hakuwataja sana, kwa kuwa Shankland alikuwa mtu wa Dar es Salaam. Hadithi ikiisha, rejeta imeshapoa. Leo nadhani ndiyo iliyokuwa kazi ya hadithi.

Debe likiisha karibu na Kibaigwa, nilitumwa nyumba ya kwanza iliyoonekana. "Shikamoo mama, tunaomba maji ya gari." Ugogoni maji hayachezewi, akina mama waliyafuata mbali tangu alfajiri. Hata hivyo sikumbuki kunyimwa hata siku moja. Mama mmoja aliniuliza, "Ya gari tu? Na ninyi je, mmeshakunywa?"

Sikujua wakati huo kwamba maji yale yalikuwa yanaila injini. Maji ya visima vya kwetu yana chumvi. Funua birika lolote la Dodoma uone ukoko mweupe uliojijenga ndani. Silinda hedi ya 404 ni ya alumini, bloku ni ya chuma, na ukiweka maji ya chumvi kati yao, alumini ndiyo inayolika. Baba alitibu kila uvujaji kwa alichonacho: leo sabuni ya mche aliyoikanda, kesho yai bichi analitumbukiza kwenye rejeta ili liive hukohuko na kuziba tundu. Simcheki. Miaka ya 80 spea ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi. Yai liliziba tundu kweli, na vijibomba vya rejeta pia.

Mwishowe gari liliwekwa juu ya matofali chini ya mwarobaini, likakaa hapo hata baada ya baba kufariki. Nilipopata nafasi ya kulifufua, nilimtafuta mzee mmoja aliyejifunza ufundi enzi za Peugeot 403. Tuliagiza pistoni, ringi na slivu mpya. Akanifundisha kwanza nilichonunua.

"Mwanangu, silinda za injini hii hazikutobolewa kwenye bloku. Ni slivu nne, zimesimama majini kama nguzo za gati."

Kwa chini kila slivu imekalia ringi nyembamba ya kuzuia maji yasishuke kwenye oili. Kwa juu inachomoza kwenye bloku kwa sehemu chache tu za mia za milimita, ili hedi ikikazwa iibane. Kinachozuia maji ni mbano huo. Hedi isipokuwepo, slivu imekaa tu, haijashikwa na kitu.

Siku hiyo mzee alitoka kwenda kuswali adhuhuri. Hedi ilikuwa mezani, pistoni mpya zinang'aa. Nilichomeka hendeli mbele ya injini nikaizungusha mara mbili tatu, nione tu zinavyopanda na kushuka. Raha iliyoje! Sikumwambia.

Injini iliwaka vizuri. Baada ya wiki moja maji yakaanza kupungua huku sakafu ni kavu, na oili kwenye dipstiki ikapanda. Mzee aliliacha gari lilale, asubuhi akalegeza kidogo tu nati ya sampo, bakuli la oili chini ya injini. Yalitoka maji kwanza, kikombe kizima, kwa sababu maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini. Tukashuku gasketi ya hedi. Tukaibadilisha, hedi ikapelekwa kupigwa msasa wa mashine, pesa ikaenda. Maji yakapungua vilevile.

Safari ya pili alishusha sampo yote, akajaza maji, akasukuma upepo kwenye mdomo wa rejeta kwa pampu, kisha akalala chini ya gari na tochi. Nusu saa nzima hakusema neno.

"Njoo uone."

Chini ya slivu ya tatu palikuwa na tone. Likakua, likadondoka, likaja jingine.

"Nani alizungusha injini hii hedi ikiwa wazi?"

Niliitika kama mtoto aliyemwaga mboga. Pistoni inapopanda huiburuta slivu. Ikinyanyuka kidogo tu, uchafu huingia chini ya ringi, na ukikaza hedi baadaye unaukandamizia humohumo. Mzee hakunigombeza. Alizichomoa slivu zote nne, akasugua vikalio vyake kwenye bloku ambako chumvi ya zamani ilikuwa imechimba vishimo, akatia ringi mpya, akapima upya. Kisha akafunga slivu kwa bolti fupi na washa pana, ndipo akaniruhusu kushika spana.

Aliponiagiza kulanti nilibisha: Dodoma haigandi barafu. "Si kwa baridi," akasema, "ni kwa kutu." Hata hiyo hakuitia mara moja. Gari lilitembea wiki nzima na maji yasiyo na chumvi, yale ya betri, maana kulanti ikivuja kwenye oili huua beringi upesi kuliko maji. Dipstiki ilipobaki safi, ndipo akachanganya nusu kwa nusu.

Mwaka wa tatu huu sijaongeza hata kikombe, na debe nimelitoa butini. Nawe ukiwa na 404, hedi ikiwa mezani, ifiche hendeli mpaka fundi arudi kutoka kuswali.