Chama cha wahandisi na hela ya ndizi za mama

Najua nimekuwa kimya, mitihani ilitubana kwelikweli. Sasa niko nyumbani Kwa Sadala, nakunywa chai ya maziwa bila kupanga foleni. Leo nataka kuongelea swali ambalo wenzangu wa mwaka wa pili wananiuliza kila siku: kujiunga na tawi la wanafunzi la chama cha wahandisi kuna faida, au ni kutupa hela tu?

Nilipomtajia mama neno "chama" alishtuka. "Chama gani tena mwanangu, cha siasa?" Nikamwambia hapana mama, cha fani. Akauliza kama ni upatu basi, na zamu yangu ya kupokea ni lini, hehe! Lakini swali lake ni la msingi. Hela ya kiingilio inatoka kwenye ndizi anazouza hapo sokoni, na mdogo wangu anadaiwa sare ya shule. Bumu limeshaisha, msiniulize limekwenda wapi.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. IET, yaani Taasisi ya Wahandisi Tanzania, ni chama cha hiari kilichoanzishwa mwaka 1975, na wanafunzi wanapokelewa. ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ni chombo cha serikali chenye sheria yake ya mwaka 1997. Kwa sheria hiyo digrii peke yake haitoshi kukuita mhandisi, lazima usajiliwe. Unaanza kama mhandisi mhitimu, unafanya kazi chini ya mhandisi aliyekwisha kusajiliwa, ndipo unaomba kuwa mhandisi mtaalamu. Mpango wa bodi wa kuwalea wahitimu, SEAP, ulianza 2003 ukiwa wa miaka 3.

Hapo ndipo penye kazi. Mtoto wa mhandisi anamjua wa kumsimamia tangu utotoni. Ukoo wetu mzima una wakulima, walimu wawili na fundi seremala mmoja. Huyo mhandisi nitamjulia wapi? Darasani hayupo. Kwenye tawi yupo: anaalikwa kutoa mada, anatupeleka saiti, anajua sura yako na jinsi unavyouliza maswali.

Baba mdogo alielewa haraka kuliko mama. Alisema, "Si kama mfongo tu?" Kwa wasioufahamu, mfongo ni mfereji wa asili wa Wachagga unaoteremsha maji ya mto hadi kwenye vihamba. Una wenyewe, una mkubwa wake, una siku za kuusafisha. Asiyetokea na jembe anatozwa faini au zamu yake ya maji inaruka. Hakuna anayechimba mfongo siku migomba imeshakauka. Nikasema baba mdogo, umemaliza mada yangu!

Na msidhani vyama hivi vilianzishwa na wazee wenye vitambi. Kile cha wahandisi wa ujenzi cha Uingereza kilianzia London mwaka 1818, kwenye mgahawa wa kahawa, na vijana wachache waliotaka kufundishana. Mkubwa mwenye jina, Thomas Telford, alikubali kuwa rais wao mwaka 1820. Vijana walitangulia, mzee akafuata.

Ila tusidanganyane. Kuna wanaojiunga wapate fulana, cheti na sifa ya kuandika kwenye wasifu. Mkutano wa kwanza wapo, wa pili hawaonekani. Huyo afadhali anunue chipsi. Na tawi lenye viongozi wasiosoma mapato na matumizi mbele ya wanachama, uliza kwanza hela inakwenda wapi kabla hujatoa yako.

Mimi nimeamua. Sare ya mdogo wangu inatangulia, hilo halina mjadala. Kiingilio nitalipa chuo kikifunguliwa: nusu mama, nusu nitatafuta kwa kuchapa ripoti za watu. Mama ametoa sharti moja tu: "Krismasi ukirudi, uniambie jina la mhandisi mmoja mliyefahamiana. Fulana usiniletee."

Haya wadau, naenda kumsaidia kupakia mikungu. Alamsiki!